Usalama Chini ya Dikteta au Uhuru Wenye Dhiki? Mizani ya Kiislamu na Mfano wa Tunisia

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), Aali zake na Maswahaba zake wote. Amma ba'ad:

Suala hili huulizwa sana, misikitini baada ya darsa, barazani na majumbani: je, si bora nchi itawaliwe na mtu mmoja mkali, hata akiwa dhalimu, maadamu watu wanalala kwa utulivu na bei ya unga haipandi, kuliko kuwa na uhuru wa kura na wa kusema huku ajira hakuna na viongozi wanagombana kila uchao? Wapo wanaojibu kwa methali: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Na wapo wanaosema kwamba amani ya mtu aliyefungwa mdomo si amani.

Jibu la suala hili lina uzito. Ndilo linaloamua mzazi amfundishe nini mwanawe kuhusu haki, mpiga kura atazame nini anapochagua, na Muislamu afanye nini jirani yake anapochukuliwa usiku bila ya kosa linalojulikana.

Katika makala hii tutataja kwanza yale yaliyomo katika dini yetu kuhusu amani na uadilifu, kisha kauli za wanachuoni, kisha tutaangalia nchi moja ya Waislamu iliyopitia hali zote mbili, nayo ni Tunisia. Tumeichagua kwa sababu maalumu. Libya, Syria na Yemen ziliingia vitani baada ya mwaka 2011, na huko mtu hulinganisha dikteta na vita, si dikteta na demokrasia. Tunisia haikuingia vitani. Ilikuwa na dikteta, ikapata uhuru wenye dhiki kwa miaka kumi, kisha ikarudi mikononi mwa mtu mmoja. Kwa hiyo inafaa zaidi kupimwa.

Amani ni neema, na uadilifu ni amri

Hakuna shaka kwamba amani ni katika neema kubwa kabisa. Katika Suratu Quraysh (106:3-4) Allah (S.W) amewakumbusha Maquraishi neema mbili ili wamuabudu Yeye: kuwalisha wasife njaa, na kuwasalimisha na khofu. Nabii Ibrahim (A.S) alipouombea mji wa Makka, alianza kuomba uwe mji wa amani, kisha ndipo akawaombea watu wake riziki ya matunda (Al-Baqarah 2:126). Na katika Hadithi iliyopokewa na At-Tirmidhi, Mtume (S.A.W) ametufahamisha kwamba mwenye kupambazukiwa akiwa na amani nyumbani kwake, na siha ya mwili wake, na chakula cha siku yake, ni kama aliyekusanyiwa dunia nzima.

Basi asidharauliwe anayetaka amani. Mama anayeogopa mwanawe asirudi kutoka skuli, au mchuuzi anayeogopa bidhaa yake isiporwe, anadai kitu ambacho dini yenyewe imekitukuza.

Lakini Qur-aan hiyo hiyo imeamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe na watu wahukumiwe kwa uadilifu (An-Nisaa 4:58), na amri hiyo imetangulia aya ya kuwatii wenye mamlaka. Imewasifu Waumini kwamba mambo yao huendeshwa kwa kushauriana (Ash-Shura 42:38). Abu Bakr (R.A) aliposhika ukhalifa alitangaza mbele ya watu kwamba wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akienda kombo. Na imepokewa na Abu Daud na At-Tirmidhi kwamba Mtume (S.A.W) amelihesabu neno la uadilifu mbele ya mtawala dhalimu kuwa ni katika jihadi bora kabisa.

Tuzingatie pia kisa cha Firauni. Misri yake haikuwa nchi ya fujo. Ilikuwa na jeshi, majengo, mashamba na serikali iliyopangika. Hata hivyo Allah (S.W) amemuita mfisadi, kwa sababu aliwagawa watu makundi, akalidhoofisha kundi moja na kuwachinja watoto wao wa kiume (Al-Qasas 28:4). Na alipotaka kumuua Nabii Musa (A.S), hoja aliyowapa watu wake ni kwamba anakhofia Musa atabadilisha dini yao au ataleta ufisadi katika nchi (Ghafir 40:26). Kumbe kisingizio cha kulinda utulivu ni cha zamani sana, na aliyekitumia ndiye aliyekuwa chanzo cha ufisadi wenyewe.

Kauli za wanachuoni

Imam Al-Ghazali, katika kitabu chake Al-Iqtisad fil I'tiqad, ameeleza kwamba dini haiwezi kusimama sawasawa bila ya mambo ya dunia kutengemaa: uhai, afya, mavazi, makaazi, chakula na amani. Kwa mtazamo huu, kukosekana utawala ni balaa.

Ibn Taymiyyah katika As-Siyasah Ash-Shar'iyyah ametaja kauli iliyokuwa ikisemwa na watu, kwamba miaka sitini chini ya kiongozi dhalimu ni bora kuliko usiku mmoja bila ya mtawala. Kauli hii hunukuliwa sana na wanaotetea madikteta. Lakini tuangalie inalinganisha nini: dhalimu kwa upande mmoja, na kukosekana mtawala kabisa kwa upande wa pili. Haimlinganishi dhalimu na serikali halali iliyo dhaifu. Na Ibn Taymiyyah huyo huyo ameandika katika maelezo yake juu ya Hisba kwamba mambo ya watu duniani husimama kwa uadilifu, hata ukichanganyika na baadhi ya madhambi, kuliko yanavyosimama kwa dhulma.

Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, ametenga mlango mzima katika Muqaddimah yake kuonesha kwamba dhulma huleta kuharibika kwa nchi. Ameeleza namna inavyokuwa: mali za watu zinapochukuliwa bila ya haki, hukata tamaa ya kuchuma. Wakikata tamaa, huacha kufanya kazi. Masoko hudorora, watu huhamia nchi nyengine kutafuta riziki, miji hubaki mitupu, na mwisho dola yenyewe huanguka. Na amesisitiza kwamba dhulma si kunyang'anya mali tu. Kumfanyisha mtu kazi kwa nguvu au kumdai asilowajibika nalo ni dhulma pia.

Na mwanachuoni mwengine wa Tunis, Sheikh Muhammad Tahir Ibn Ashur (1879-1973), wa Chuo cha Zaytuna, alichapisha mwaka 1946 kitabu juu ya makusudio ya Shari'ah. Humo ameuhesabu uhuru na usawa kuwa ni katika mambo ambayo Shari'ah imekusudia kuyalinda. Maneno yake hayakuishia vitabuni. Mwaka 1960 Rais Habib Bourguiba aliwahimiza wafanyakazi waache kufunga Ramadhani kwa hoja ya kuongeza uzalishaji, na Sheikh Ibn Ashur akakataa kumuunga mkono.

Tunisia chini ya Ben Ali, 1987 hadi 2011

Tunisia ilipata uhuru kutoka kwa Ufaransa mwaka 1956. Bourguiba alitawala hadi tarehe 7 Novemba 1987, alipoondolewa na Waziri Mkuu wake, Zine El Abidine Ben Ali.

Tuseme ukweli kuhusu kilichokuwepo. Miji ilikuwa shwari. Watalii walikuja kwa wingi. Skuli, barabara na umeme vilifika sehemu nyingi, na nchi za nje ziliitaja Tunisia kama mfano wa maendeleo. Mwenye kazi na nyumba, asiyetia mdomo wake katika siasa, aliweza kuishi bila ya bughudha kubwa.

Sasa tutazame gharama. Katika uchaguzi wa 1989, 1994 na 1999, Ben Ali alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 99. Baada ya uchaguzi wa 1989 uliwaandama ukandamizaji wanaharakati wa Kiislamu, na maelfu walifungwa. Wengi waliteswa. Waliotoka gerezani walilazimishwa kuripoti polisi mara kwa mara, jambo lililowafanya washindwe kushika kazi. Sheikh Rached Ghannouchi, kiongozi wa Ennahda, aliishi uhamishoni London kwa takriban miaka ishirini. Waraka wa serikali nambari 108 wa mwaka 1981 ulikuwa umekataza hijabu katika taasisi za umma, na mwaka 2006 serikali ilianzisha kampeni mpya ya kuusimamia. Binti wa Kiislamu katika nchi ya Kiislamu alilazimika kuchagua baina ya stara yake na masomo yake.

Hapa ndipo tunapofahamu amani ya dikteta ni ya namna gani. Khofu haikuondoka nchini, ila ilihamishwa. Ilitolewa barabarani ambako mtalii angeiona, ikaingizwa ndani ya nyumba, ambako mtu alipunguza sauti alipotaja jina la Rais na hakujua nani katika jamaa zake anapeleka habari kwa polisi.

Wala dhulma haikuishia kwenye siasa. Jamaa za Rais na za mkewe walijipatia mashirika, ardhi na biashara, huku mikoa ya ndani kama Sidi Bouzid, Kasserine na Gafsa ikiachwa nyuma. Tarehe 17 Disemba 2010, kijana mchuuzi wa matunda na mboga wa Sidi Bouzid, Mohamed Bouazizi, alinyang'anywa bidhaa zake na watu wa baraza la mji. Alikwenda kushitaki, hakusikilizwa, akajitia moto mbele ya jengo la serikali. Alifariki tarehe 4 Januari 2011. Kujiua ni haramu, na hukumu hiyo haibadiliki kwa sababu ya uchungu wa mtu. Tunachokitazama ni kilichofuata: nchi iliyosifiwa kwa utulivu iliwaka ndani ya wiki nne, zaidi ya watu 300 wakauawa, na tarehe 14 Januari 2011 Ben Ali akakimbilia Saudi Arabia. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ni kama alivyoeleza Ibn Khaldun zaidi ya miaka mia sita kabla yake.

Miaka kumi ya uhuru na dhiki

Mwezi wa Oktoba 2011 Watunisia walipiga kura huru kulichagua Bunge la Katiba. Ennahda ilipata viti 89 katika 217. Waliokuwa wafungwa wakawa mawaziri. Wanawake waliotaka kuvaa hijabu wakaivaa chuoni na maofisini. Magazeti yakaandika bila ya khofu. Iliundwa Tume ya Ukweli na Utu, ikapokea mashitaka zaidi ya 62,000 ya waliodhulumiwa tangu mwaka 1955, na baadhi yao wakasimulia hadharani, mbele ya televisheni, waliyofanyiwa gerezani.

Lakini dhiki nayo ilikuwa ya kweli. Mwaka 2013 waliuawa kwa risasi wanasiasa wawili wa upinzani, Chokri Belaid mwezi wa Februari na Mohamed Brahmi mwezi wa Julai. Mwaka 2015 watu wenye silaha walishambulia makumbusho ya Bardo mjini Tunis, kisha hoteli ya ufukweni Sousse ambako watalii 38 waliuawa. Utalii ukaporomoka. Thamani ya dinari ikashuka, deni la nchi likakua, serikali zikabadilika moja baada ya nyengine, na ukosefu wa ajira ukabaki karibu asilimia 15 au zaidi. Vijana wengi walipanda maboti kuelekea Italia, na wasiohesabika wakafia baharini. Ulipofika msimu wa joto wa 2021, maradhi ya korona yakawaua watu wengi na hospitali zikapungukiwa na oksijeni, huku wabunge wakitukanana na hata kupigana bungeni.

Mama asiyepata maziwa ya mwanawe hawezi kumnywesha katiba. Wanaouhimiza uhuru wakalisahau hili, wanamfungulia mlango dikteta mwengine.

Hata hivyo, katika miaka hiyo lilitokea jambo ambalo chini ya Ben Ali lisingewezekana. Baada ya mauaji ya 2013 nchi ilikuwa karibu kugawanyika. Jumuiya nne za kiraia, za wafanyakazi, waajiri, mawakili na watetezi wa haki za binadamu, ziliwakalisha mahasimu meza moja. Ennahda, iliyokuwa na viti vingi kuliko wote, ilikubali kuachia serikali. Katiba mpya ikapitishwa Januari 2014. Mwaka huo huo Ennahda ilishindwa uchaguzi na ikakubali matokeo. Jumuiya hizo nne zilitunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 2015. Sisi watu wa visiwani tunalijua jina la jambo hili: maridhiano.

Kurudi kwa mtu mmoja

Mwaka 2019 Kais Saied, mwalimu wa sheria asiye na chama, alichaguliwa Rais kwa zaidi ya asilimia 70 ya kura. Tarehe 25 Julai 2021 alimfukuza Waziri Mkuu na kulisimamisha Bunge. Usiku ule watu wengi walitoka mabarabarani wakishangilia. Walikuwa wamechoka, na aliwaahidi kuwaokoa na mafisadi.

Yaliyofuata ni haya. Mwaka 2022 alilivunja Baraza Kuu la Mahakama, akalivunja Bunge lenyewe, akafukuza majaji 57 kwa mpigo, akapitisha katiba aliyoiandika kwa kura ya maoni ambayo takriban asilimia 30 tu ya wapiga kura walishiriki, na akatoa sheria ya adhabu kali dhidi ya kile kinachoitwa habari za uongo, iliyotumika kuwafunga waandishi na mawakili. Mwaka 2023 wapinzani wake wengi walikamatwa, akiwemo Sheikh Ghannouchi, aliyekuwa Spika wa Bunge, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Oktoba 2024 Saied alitangazwa mshindi kwa asilimia 90, huku karibu robo tatu ya wapiga kura hawakwenda vituoni au hawakumpigia yeye.

Na mkate je? Katika 2022 na 2023 sukari, mchele, maziwa na unga viliadimika madukani, na foleni zikaonekana nje ya viwanda vya mikate. Maboti ya Italia hayakusita. Watu walitoa uhuru wao ili wapate unga, uhuru ukaenda na unga haukuja.

Namna ya kupima

Kutokana na dalili na mfano huu, tunaweza kutaja mambo manne ya kuzingatiwa.

Kwanza, tuulize amani ni ya nani. Usalama wa kiti cha mtawala si usalama wa raia. Mtu anaposema "afadhali zamani", aulizwe kwa upole: afadhali kwa nani? Alikuwa nani gerezani wakati sisi tumelala?

Pili, tusichanganye milinganisho. Kanuni ya fiqhi inasema kuepusha madhara hutangulizwa kabla ya kuleta manufaa, na kanuni nyengine inasema madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Ndiyo maana wanachuoni wengi wamekataza kumpindua mtawala kwa silaha pale panapokhofiwa umwagaji wa damu mkubwa zaidi, na walioona yaliyoikuta Syria na Libya hawana haja ya ushahidi wa ziada. Lakini kanuni hizo hazimpi yeyote ruhusa ya kuuvunja utawala wa kushauriana uliopo, ati kwa sababu una kasoro. Anayefanya hivyo ndiye anayeleta madhara makubwa zaidi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tutazame kama kosa lina njia ya kurekebishwa. Serikali zote hukosea, ya kuchaguliwa na ya kulazimisha. Tofauti ni kwamba serikali dhaifu ya watu huru hunyooshwa, kama alivyotaka Abu Bakr (R.A) anyooshwe: kwa nasaha, kwa mahakama, kwa magazeti, kwa kura. Tunisia ilijirekebisha mwaka 2013 bila ya vita kwa sababu milango hiyo ilikuwa wazi. Dikteta huifunga milango hiyo kwanza, kwa hiyo kosa lake hubaki na kukua hadi nyumba nzima ishike moto. Amani yake ni ya kuazima, na siku ya kulipa wanaolipa ni raia.

Nne, uhuru nao una haki zake. Viongozi waliochaguliwa wakila mali ya umma, wakigombania vyeo na kuwasahau maskini, wameikhini amana waliyopewa. Kuwakosoa ni wajibu, na kuwatetea kwa sababu tu ni wa chama chetu ni katika asabiyya iliyokatazwa.

Wajibu wa familia

Wengi huona kwamba mambo haya ni ya wakubwa. Si hivyo. Familia ina sehemu yake:

• Watoto wazoeshwe kushauriwa nyumbani na kusema ukweli bila ya kuogopa kipigo. Aliyelelewa kwa khofu peke yake hatojua kumwambia mtawala neno la haki.

• Ambaye ana haki ya kupiga kura aichukulie kuwa ni ushahidi na amana. Asiiuze kwa kanga, kilo ya mchele wala noti.

• Tusisambaze uvumi na matusi katika simu zetu. Fujo za maneno humpa dhalimu kisingizio anachokitafuta.

• Tuzisaidie familia zenye dhiki katika mtaa. Mwenye njaa ni mwepesi kununuliwa, na lawama si yake peke yake.

• Jirani akidhulumiwa, tusishangilie kwa kuwa si wa upande wetu. Mtume (S.A.W) ametuamuru tumnusuru ndugu yetu akiwa amedhulumiwa, na akiwa dhalimu pia kwa kumzuia na dhulma yake.

Hitimisho

Uislamu haukumtaka Muislamu achague baina ya mkate na utu wake. Suratu Quraysh imekusanya chakula na amani, na aya nyengine zimeongeza uadilifu na kushauriana, na vyote hivyo ni haki za watu juu ya wanaowatawala. Pale vinapokosekana baadhi yake, kama ilivyo katika serikali nyingi za leo, tushike ile hali ambayo ndani yake bado tunaweza kuvidai vilivyobaki kwa njia ya amani, na tuwe na subira ya kuitengeneza. Wanaoiacha hali hiyo kwa ahadi ya mtu mmoja mkali wajue kwamba Watunisia nao walishangilia, na hawakuchukua muda kujuta.

Tunamuomba Allah (S.W) azijaalie nchi zetu kuwa za amani na uadilifu, awafungulie waliofungwa kwa dhulma, na awajaalie viongozi wetu wawe wenye kumuogopa Yeye na kuwahurumia waja Wake. Aamin.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.